Forester ya turbo inalegea mlimani: je, nibadilishe kontrola ya pampu ya mafuta?

Mkazi wa Uyole

Salaam ndugu zangu. Ninatumia Subaru Forester SG5 yenye injini ya EJ20 ya turbo. Nimeifungia turbo kubwa kidogo kuliko ya asili, nozo (vinyunyizio vya petroli) za cc 550 kwa dakika na pampu ya mafuta ya Walbro ya lita 255 kwa saa, kisha kompyuta ya injini ikapangwa upya. Hapa Mbeya mjini na kwenye tambarare za Usangu gari halina tatizo lolote. Lakini ninapopandisha barabara ya Chunya kwa gia ya tatu, mzunguko wa injini ukivuka 4,500 na presha ya turbo ikikaribia bar 1, linavuta vizuri kwa sekunde chache halafu linalegea, na mita ya mchanganyiko wa hewa na mafuta inapanda kutoka 11.3 hadi 12.8 (kilo za hewa kwa kilo moja ya mafuta).

Fundi mmoja amenieleza kwamba kontrola ya asili ya pampu, yaani kifaa kinachopunguza na kuongeza umeme wake, ndiyo inayobana, hivyo niagize ya kisasa inayohimili amperi nyingi, au tuiondoe kabisa na pampu ipewe umeme wa moja kwa moja. Kabla sijatoa fedha, ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kulishughulikia jambo hili.

Kijana wa Gangilonga

Kamwene kaka. Mimi niko Iringa, na ushauri wangu ni kuiondoa hiyo kontrola. Vuta waya mnene kutoka kwenye betri, weka relei (swichi inayowashwa kwa umeme), iwashwe na ufunguo wa gari, na pampu izunguke kwa nguvu zote muda wote. Magari mengi ya mashindano yamefungwa hivyo na yanakimbia.

Fundi Umeme, Mwanjelwa

Ndugu wa Uyole, kwanza punguza mguu hadi jambo hili litatuliwe. Mchanganyiko unaopanda kuelekea 12.8 huku turbo ikisukuma bar 1 maana yake mafuta hayatoshi, na EJ20 ikigonga (mafuta yakilipuka ovyo ndani ya silinda) katika hali hiyo huvunja pistoni kwenye kingo zinazoshika ringi.

Kontrola hiyo ina kazi maalumu. Katika Subaru za aina hii, kompyuta ya injini huiamuru iendeshe pampu kwa viwango vitatu: takriban theluthi moja gari likiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyagwa), theluthi mbili mzigo ukiwa wa wastani, na asilimia 100 unapokanyaga. Huukata umeme na kuurudisha kwa mapigo ya haraka, kwa hiyo ukipima gari likiwa sailensa mita ya kawaida itakuonyesha wastani mdogo. Huo si ubovu, ingawa nimeona kontrola nzima zikitupwa kwa sababu ya kipimo hicho.

Utaratibu huo una sababu yake. Mafuta yasiyotumika hurudi tangini, na pampu inayozunguka kwa nguvu zote wakati injini inakunywa kidogo huyazungusha yale yale na kuyapasha moto. Hapa Mbeya tuko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Petroli nayo hutoa mvuke mapema kuliko ingekuwa Dar es Salaam. Ukiwa na robo tangi kwenye foleni ya malori pale Mbalizi, pampu itaanza kulia na gari litamisi. Gari la mashindano halikai kwenye foleni.

Kuhusu relei kuwashwa na ufunguo, hilo silikubali hata kidogo. Mfumo wa asili hukata pampu injini inapozima, kwa kuwa kompyuta haioni tena mzunguko. Ukiifunga kwenye ufunguo, siku gari likipinduka na bomba likakatika, pampu itaendelea kumwaga petroli mpaka mtu aufikie ufunguo.

Sasa tuhesabu. Nozo nne za cc 550, hata zikiwa wazi muda wote, humeza lita 2.2 kwa dakika, yaani lita 132 kwa saa. Presha ya reli ya mafuta, bomba linalolisha nozo, hupanda pamoja na turbo, kutoka bar 3 hadi bar 4, na pampu hupungua mtiririko kadiri inavyosukumana na presha hiyo. Hata hivyo, pampu ya lita 255 ingebaki na ziada ya kutosha. Tatizo ni kwamba lita hizo huhesabiwa pampu ikipata volti 13.5 au karibu na hapo. Kwa hiyo swali la kwanza ni volti ngapi zinaifikia pampu wakati wa mzigo, na hilo halijibiwi kwa kukisia.

Funga mita ya umeme kwenye nyaya mbili zinazoingia kwenye pampu, moja kwa moja, wala usitumie bodi ya gari kama upande hasi, kwa sababu zipo kontrola zinazofanya kazi kupitia upande huo. Pitisha nyaya za mita chini ya zulia hadi mbele, mtu wa pili akae pembeni yako asome namba mkiwa mlimani. Rudia kipimo hicho kwenye umeme unaoingia kwenye kontrola, kisha kwenye betri.

Dada wa Makambako

Ninaongeza jambo moja kwa faida ya wengine. Ukiamua kununua kontrola iliyotumika, fungua kifuniko chake uitazame bodi ya saketi iliyo ndani. Niliyoletewa mimi ilikuwa safi kwa nje, lakini ndani risasi ya kulehemu ilikuwa na mduara wa ufa kuzunguka mguu mmoja wa transista, na bodi imebadilika rangi hapo. Nilimrudishia muuzaji papo hapo.

Mkazi wa Uyole

Ahsanteni sana. Tumepima mara moja tu, mlimani, kwa muda mfupi na kwa tahadhari. Kwenye betri ni volti 13.9, kwenye umeme unaoingia kontrola ni 11.6, na kwenye pampu ni 11.2.

Fundi Umeme, Mwanjelwa

Basi kontrola yako inapoteza volti 0.4 tu, ilhali 2.3 zinapotea kabla hazijaifikia. Usiinunue mpya. Ingekuwa haja kama volti zinaingia vizuri na kutoka chache, au kama ungefunga pampu kubwa zaidi inayovuta amperi ambazo hii ya asili haikutengenezwa kuzibeba.

Waya wa shaba wa milimita mraba 1, wenye urefu wa mita 5, hupoteza karibu volti 0.9 ukipitisha amperi 10. Wa milimita mraba 4 hupoteza takriban 0.2. Kiasi kinachobaki hupotea kwenye soketi, fyuzi na midomo (sehemu zinazogusana) ya relei ya zamani. Vuta waya wa milimita mraba 4 kutoka kwenye betri, weka fyuzi ya amperi 20 karibu kabisa na betri, upeleke kwenye relei mpya nyuma ya gari, na kutoka hapo uingie kwenye kontrola mahali pa ule wa asili. Waya wa asili sasa uwe wa kuiwasha relei hiyo tu. Usiiwashe kwa waya unaotoka kwenye kontrola kwenda pampu, kwa sababu mapigo yake yataifanya relei itetemeke hadi midomo yake iungue. Kwa njia hii viwango vitatu vinabaki, na pampu inazimika injini ikizima.

Pima pia kati ya ethi ya kontrola (waya wake hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) na upande hasi wa betri, pampu ikiwa kwenye mzigo. Ukiona zaidi ya volti 0.2, kwangua rangi na kutu pale inapofungwa.

Ukimaliza, rudi kwa aliyekupangia kompyuta kabla ya kupandisha Chunya tena. Ikiwa aliipanga wakati pampu ina njaa, huenda aliongeza muda wa nozo kufidia upungufu, na presha ikirudi sawa utaona mchanganyiko ukishuka chini ya 11 na moshi mweusi kwenye ekzosi.