Kirai au kishazi? "Without saying a word" imenishinda

Tuma_Swali: Wakuu, naombeni msaada. Najiandaa na mtihani wa Kiingereza na kila nikifika kwenye virai (phrases) na vishazi (clauses) nakwama. Zoezi linataka nitaje vishazi vilivyomo humu: "After the long meeting with the new director, everyone left without saying a word." Nikataja vitatu. Majibu nyuma ya kitabu yanasema kishazi ni kimoja tu, chenye "everyone left". Jamani, kile kipande cha mwanzo kina maneno manane! Na cha mwisho kina "saying", si kitenzi hicho?

Kalamu_Nyekundu: Achana na kuhesabu maneno. "Birds sing" ni maneno mawili na ni kishazi kamili. Tafuta kiima, yaani yule au kile kinachozungumziwa, halafu tafuta kitenzi kinachobeba njeo (tense), yaani kinachobadilika ukilihamisha tukio kutoka jana kuja leo. "Everyone left" itakuwa "everyone leaves". Umeona? Sasa hamisha "without saying a word": jana "saying", leo "saying", kesho hivyo hivyo. Hakuna njeo, na kiima hakionekani, kwa hiyo ni kirai. Kile cha maneno manane hakina kitenzi kabisa. "Meeting" pale ni nomino, ndiyo maana imetanguliwa na "the long".

Watu wengi hunaswa na after, before, since na until, kwa sababu yanaanzisha vyote viwili. "After the meeting" ni kirai. "After the meeting ended" ni kishazi tegemezi, yaani kisichoweza kusimama peke yake, kimeletwa na "ended". Usihukumu kwa neno la kwanza. "Because" ina nafuu: "because it rained" ni kishazi, na ikitaka kirai huitafuta "of" kwanza, "because of the rain".

Binti_Isimu: Hiyo ni sarufi ya mapokeo, na kwa mtihani inatosha. Ila Randolph Quirk, mtaalamu wa sarufi ya Kiingereza, na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, wanavihesabu vipande kama "saying a word" kuwa vishazi visivyo na njeo. Kiima kipo, ni "everyone" yuleyule, hakikutajwa tu. Kwa hiyo Tuma, kuna wataalamu ambao wangekuelewa.

Kalamu_Nyekundu: Kweli dada, lakini msahihishaji wake si Quirk 😄

Kuna jambo linalosumbua kuliko hilo: kirai kinaweza kubeba kishazi ndani yake. "The book I bought" ni kirai nomino, neno kuu ni "book", na ndani yake mna kishazi "I bought". Sisi hutupita upesi kwa sababu katika Kiswahili tumezoea kirejeshi, kipande kinachorejelea nomino, kuwa wazi: "kitabu nilichonunua", hiyo "-cho-" huwezi kuidondosha. Kiingereza kinaidondosha "that" bila hata kuaga. Kwa hiyo ukikuta nomino, mara inafuatwa na "I", "we" au "she", simama hapo uchunguze.

Tuma_Swali: Naanza kupata mwanga. Na hii? "What he said about the money surprised us." Naona "said" na "surprised", basi vishazi viwili. Lakini kiima cha "surprised" kiko wapi?

Kalamu_Nyekundu: Ni hicho kipande chote cha mwanzo, hadi "money". Weka "it" mahali pake uone: "It surprised us." Hicho ni kishazi tegemezi kinachofanya kazi ya nomino, na "about the money" ni kirai kilichomo ndani yake.

Binti_Isimu: Jaribu hii bila kuangalia kitabu: "Before leaving, she checked that the door was locked."

Tuma_Swali: "Before leaving" kirai. Vishazi ni "she checked" na "the door was locked".

Binti_Isimu: Kwa mtihani wako umepata. Cha pili tu uanzie kwenye "that", nayo ni sehemu yake.