Ushauri wenu wakuu: nimekwama kitabu cha 10 cha The Wheel of Time, niruke niende cha 11?

Mpanda_Kurasa (mleta mada):
Habari za humu wakuu. Naenda moja kwa moja kwenye mada. Nasoma The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za njozi wa Robert Jordan, nimefika kitabu cha 10, Crossroads of Twilight, na nimekwama vibaya. Cha 9 kiliisha kwa kishindo, shujaa wetu Rand na mwenzake Nynaeve wanaisafisha saidin, ile nguvu ya uchawi ya wanaume iliyochafuliwa, pale kwenye magofu ya Shadar Logoth, mapigano kila upande, moyo ulikuwa unanienda mbio. Nikafungua cha 10 nijue kilichofuata. Dibaji tu haiishi! Halafu kila mhusika tunarudishwa naye nyuma hadi siku ileile, anahisi kuna nguvu kubwa inatumika huko mbali, anashangaa, tunahamia kwa mwingine naye anahisi kilekile. Rand mwenyewe haonekani. Rafiki yake Perrin anamtafuta mkewe Faile, aliyetekwa na watu wa kabila la Shaido. Elayne yuko mji wa Caemlyn anahesabu koo zinazomuunga mkono awe malkia. Egwene na jeshi lake wamepiga kambi nje ya Tar Valon, mji wanaouzingira, hawaendi mbele wala hawarudi nyuma.

Swali ni moja. Nikiruka nikaingia cha 11, nitapotea? Muda sina. Naomba wajibu waliosoma.

Msomaji wa Zamani:
Pole mkuu, ila ninyi mnaovisoma sasa hamjui mlichoepushwa. Cha 9 kilitoka Novemba 2000. Sisi tulikaa hadi Januari 2003 tukijiuliza dunia imekuwaje baada ya usafishaji, tumejenga nadharia zetu, tumegombana usiku kucha. Kinafika cha 10, kumbe jibu ni kwamba watu waliona mwanga na kuhisi baridi mgongoni. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilikagua gamba la nyuma nikidhani kuna karatasi zimenyofoka. Halafu tukasubiri tena hadi Oktoba 2005 ndipo kikaja cha 11. Katikati, 2004, tukapewa New Spring inayorudi nyuma kabisa kabla ya hadithi kuanza. Nilikasirika sana wakati ule na sioni haya kusema hivyo.

Ajabu ni kwamba nilipokirudia miaka mingi baadaye, vitabu vyote vikiwa vimeshatoka, sikukichukia. Kilichoniumiza mara ya kwanza ni kusubiri. Wewe cha 11 kipo, soma tu.

Shangazi Nuru:
Kitabu hakirukwi. Mwandishi aliketi akaandika kila neno, wewe unataka kuokota minofu tu? Na hiyo "muda sina" sijaielewa. Unakimbizwa na nani?

Kichwa Mchunga:
Ruka mkuu. Mimi niliruka, nikaingia cha 11, siku mbili za kwanza kila mtu namuuliza huyu naye ni nani, baadaye nikazoea. Sijafungwa jela.

Binti Maktaba:
Naomba niseme kidogo, hili si la Jordan peke yake. George R. R. Martin alipotoa A Feast for Crows mwaka 2005, katika mfululizo wake wa A Song of Ice and Fire, aliwagawa wahusika: nusu wakabaki humo, nusu nyingine, wakiwemo wale tuliowapenda zaidi, tukawasubiri hadi A Dance with Dragons mwaka 2011. Mimi nilikuwa nimemzoea Tyrion, nikafungua kitabu kizima hayumo. Nilikiweka chini. Nilipokuja kukisoma kwa utulivu, safari ya Brienne ikawa ndiyo ninayoikumbuka kuliko vita vyote, anatembea vijijini anakutana na watu ambao vita vimeshawapitia. Hadithi ndefu hufika mahali watu wametawanyika, na mwandishi lazima amfuate kila mmoja alipo. Ukitaka iende kasi wakati huo unamwomba awatupe baadhi yao. Na cha kufuata tangu 2011 hatujakiona, basi tuliojifunza kusubiri tupo wengi.

Fundi wa Sura:
Wote mmejibu mnayoyapenda ninyi. Mleta mada, nijibu mawili. Umefika sura ya ngapi? Na muda huna kwa sababu gani? Maana cha 11, Knife of Dreams, ni kinene vilevile, baada yake kuna vingine vitatu. Mtu asiye na muda haendi huko.

Mpanda_Kurasa:
Nimefika katikati. Mambo ya muda ni yangu binafsi, nilichouliza ni kama nitapotea.

Fundi wa Sura:
Kupotea kunategemea unasoma ili iweje. Funguka tukusaidie.

Mpanda_Kurasa:
Sawa. Sisomi peke yangu. Namsomea kaka yangu. Yeye ndiye aliyeanza kuvisoma hivi vitabu zamani, mimi nikawa naokota alivyomaliza. Cha 9 alikimaliza kwa shida, anakisogeza kitabu hadi kinagusa pua. Baada ya hapo macho yakagoma kabisa. Sasa kila jioni nakaa naye namsomea. Karibuni nahama kikazi, mbali, na nyumbani hakuna mwingine wa kumsomea. Nataka kabla sijaondoka afike pale panapoanza kuchangamka, asibaki na huyu Elayne na koo zake.

Na niseme kabisa, nimeshaanza kuruka. Sura za Elayne nimepita karibu zote. Za Perrin nasoma mwanzo na mwisho. Sura moja ya Perrin ya kitabu cha 11 nimeshamsomea, nione kama itaungana.

Fundi wa Sura:
Yeye anajua?

Mpanda_Kurasa:
Hajui. Ila simdanganyi, nafupisha. Hata waliosoma wenyewe wanakiri kwamba humo ndani hakuna kinachotokea. Ningekuwa namrukisha kitabu cha 4 mngekuwa na haki ya kunisema. Hapa namwondolea mzigo.

Shangazi Nuru:
Mwanangu, nilikuwa naongea kwa utani kidogo, sasa siongei kwa utani. Mtu asiyeona akikwambia nisomee, amekukabidhi macho yake. Akiamua yeye kuruka, ruka. Akiamua kulala katikati ya sura, funga kitabu. Lakini wewe kumchagulia kimyakimya aone nini na asione nini, hapana. Baba yangu nilimsomea magazeti mwishoni mwa maisha yake, nikawa napita taarifa za vifo nisimhuzunishe. Akaja kusikia kwa jirani kwamba rafiki yake kazikwa. Aliacha kuniomba nimsomee.

Msomaji wa Zamani:
Kumbe kuna sababu. Naongeza hili: Jordan mwenyewe alifariki Septemba 2007 hajamaliza. Aliacha maelezo, na mkewe Harriet McDougal, ambaye ndiye alikuwa mhariri wake, akamchagua Brandon Sanderson amalizie. Kitabu kimoja cha mwisho kikawa vitatu, cha mwisho kabisa kikatoka Januari 2013. Kwa hiyo hofu yako ya kumwacha mtu katikati ya hadithi naijua. Tulikaa nayo.

Kichwa Mchunga:
Simu ipo lakini. Hata ukihama unaweza kumpigia ukamsomea.

Mpanda_Kurasa:
Ratiba ya kazi mpya siijui. Sitaki kuahidi kitu nisichoweza.

Mpima Maneno:
Wakuu, samahani, hii ni chai. Bandiko la kwanza "nasoma, moyo unanienda mbio". Akibanwa, ghafla kaka haoni. Akibanwa tena, anahama kikazi. Kila swali linaleta huzuni mpya. Na kubwa kuliko yote: mfululizo huu mzima umerekodiwa kwa sauti, Michael Kramer na Kate Reading wamesoma vitabu vyote, watu wanawasifia kila siku. Kama kaka yupo kweli, tatizo lilikwisha kabla uzi haujaanza. Mimi naona mtu amechoka na kitabu, anatafuta ruhusa.

Kichwa Mchunga:
Hapo kwa Kramer na Reading umempiga swali gumu. Narudi kukaa pembeni nisubiri.

Binti Maktaba:
Hata ikiwa chai, swali lenyewe ni la kweli. Wapo wanaowasomea wengine.

Mpima Maneno:
Swali la kweli halihitaji kaka wa kutunga. Tumeshaliliwa sana humu na watu wasiokuwepo.

Mpanda_Kurasa:
Kuniita mwongo kumeniuma, nitajibu mara moja tu. Hizo sauti tulijaribu. Wanasoma vizuri, sina neno nao. Lakini kaka hasikilizi kimya. Ananisimamisha. Tunabishana nani ni Darkfriend, yaani mfuasi wa siri wa yule mwovu mkuu, ananirudisha kurasa nyuma, anataka nirudie jina la mtu alilosahau. Sauti iliyorekodiwa haibishani naye. Alisikiliza siku chache akaizima, akasema anajisikia kama abiria.

Na kwa nini nimefungua uzi leo? Jana ndiyo nilimsomea ile sura ya Perrin ya kitabu cha 11. Ikatajwa nyundo aliyobeba kiunoni. Kaka akainua mkono. "Nyundo? Shoka lake liko wapi?" Nikamwambia labda kaliacha hemani. Akasema Perrin haachi shoka hemani, tangu vitabu vya mwanzo anahangaika nalo, analichukia na haliachi. Rudi nyuma, umeruka mahali. Nikapekua, sikuona haraka, nikamwambia macho yangu yamechoka, tuendelee kesho. Kesho ndiyo leo. Nimekuja hapa mchana huu kwa sababu jioni ataniuliza.

Fundi wa Sura:
Mpima Maneno, hilo la shoka hawezi kulitunga mtu asiyesoma, na aliyekisoma chote asingeliuliza. Mimi nimeridhika.

Mleta mada, kama hutaki kuharibiwa usisome aya hii. Umeruka sura nzito kuliko zote za Perrin humo. Ipo katika nusu ya pili ya kitabu, anaporudi kambini na kukuta wamekamata Shaido na wanawatesa ili waseme alipo Faile. Anatumia shoka kumkata mateka mmoja mkono. Anafanya kwa ubaridi, anawaambia watakaobaki watafanywa nini, kisha anaondoka peke yake, analirusha shoka linazama kwenye mti, analiacha hapohapo. Ukurasa wenyewe hauna kelele. Lakini kinachoufanya uumize ni zile sura za polepole ulizozipita, pale So Habor, ambapo jeshi linanunua nafaka imejaa fukusi, watu wanaipepeta kwenye baridi, mji mchafu, wenyeji wana woga wa wafu wanaotembea usiku, na siku zote hizo mkewe bado ametekwa. Perrin anachakaa mbele ya macho yako taratibu. Ukimletea kaka yako shoka bila fukusi, ataona mtu mkatili tu.

Na za Egwene usiguse hata moja. Anatekwa mwishoni, usiku, akigeuza mnyororo wa bandari ya Tar Valon kuwa cuendillar, kitu kisichovunjika, kwa mkono wake, kwenye kazi aliyopangiwa msichana mwingine. Vitabu viwili vinavyofuata vimesimama juu ya usiku huo.

Za Elayne, mimi binafsi, nakubaliana nawe. Hata leo zinanichosha. Lakini mwambie.

Msomaji wa Zamani:
Za Elayne zina sehemu zake bwana. Ila sigombani leo.

Shangazi Nuru:
Kaka ameshajua umeruka. Amekwambia kwa mdomo wake. Unangoja nini?

Mpanda_Kurasa:
Nimeiona sura. Nimeisoma peke yangu sasa hivi kabla ya jioni, na mikono inatetemeka. Tutarudi So Habor tuanzie hapo. Nitamwambia niliruka, na nitamwambia kwa nini. Kuhusu Elayne nabaki na msimamo wangu: nitampa muhtasari, akisema anazitaka, nitasoma. Kama hatutafika mwisho kabla sijaondoka basi hatutafika, hilo la simu nitaliuliza nikishafika kazini.

Bado nasema kitabu hiki kinachosha. Hilo msinibadilishe.

Mpima Maneno:
Sijasema nimeamini. Ila msomee, halafu rudi utuambie kaka kasemaje kuhusu lile shoka. Na mimi nataka kujua, maana nilipofika hapo nilifunga kitabu siku nzima.