Kuondoa :8080 kwenye anwani ya tovuti

Swali

Wakuu, programu yangu ya wavuti inasikiliza poti (namba ya mlango wa mtandao) 8080 kwenye seva ya Linux. Jina la domeini linafika vizuri, ila lazima mtu aandike duka.example:8080. Akiiacha namba, kivinjari kinasema muunganisho umekataliwa. Rekodi A ya DNS (inayounganisha jina na anwani ya IP ya seva) haikubali poti. Nimeelekeza kwa 301 (jibu la seva la kuhamia anwani nyingine moja kwa moja), lakini :8080 inarudi palepale juu. Nifanyeje isionekane kabisa, hata nikiweka HTTPS?

Jibu la 1

Mkuu, DNS hapa haikusaidii. Rekodi A inabeba IP tu. Poti huchaguliwa na kivinjari: 80 kwa http, 443 kwa https, na hizo ndizo pekee zisizoandikwa. SRV, aina nyingine ya rekodi ya DNS, ina nafasi ya poti, lakini vivinjari haviisomi kwa tovuti. Nayo 301 inakiambia kivinjari kihamie anwani nyingine, kwa hiyo lazima anwani hiyo ionekane.

Weka Nginx (programu ya seva ya wavuti) mbele ya programu yako, isikilize 80 na ipeleke maombi ndani, kwenye 8080:

```
server {
  listen 80;
  server_name duka.example;
  location / {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
    proxy_set_header Host $host;
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
  }
}
```

Endesha `nginx -t`, ikikubali, `systemctl reload nginx`.

Mstari wa Host usiuruke. Bila huo, Nginx inaiambia programu kwamba jina la tovuti ni 127.0.0.1:8080. Mtu akishaingia kwa nywila, programu inamhamishia anwani hiyohiyo, yaani kwenye kompyuta yake mwenyewe, na hapati kitu. X-Forwarded-Proto utaihitaji ukishaweka cheti cha HTTPS: programu inayolazimisha https, isipojua kwamba mteja tayari yuko huko, itamrudisha tena na tena hadi kivinjari kikate.

Jibu la 2

Naongezea. Let's Encrypt, inayotoa vyeti vya HTTPS, kwa njia ya HTTP-01 hukagua kwamba domeini ni yako kupitia poti 80 tu, kwa hiyo usiifunge. Kama mtoa intaneti ameizuia, tumia DNS-01, inayokagua kwa rekodi ya DNS.

Ukipata kosa la 502 (Nginx haipati jibu sahihi kutoka kwa programu), soma `/var/log/nginx/error.log` kabla ya kugusa chochote. "Connection refused" maana yake programu haijawaka au iko poti nyingine. "Permission denied" kwenye mifumo yenye SELinux (ulinzi wa ndani wa Linux) inaondolewa na `setsebool -P httpd_can_network_connect 1`. Ukipata 413 (ombi ni kubwa mno) mtu anapopakia faili, kikomo cha kawaida ni MB 1; kiongeze, mfano `client_max_body_size 20m;`.

Halafu ifungie 8080 ndani, la sivyo mtu ataipita Nginx na kuingia moja kwa moja. Programu isikilize 127.0.0.1 (ndani ya seva tu), si 0.0.0.0 (mitandao yote). Kama programu iko kwenye Docker (kontena), andika `-p 127.0.0.1:8080:8080`. Usitegemee ufw (ukuta wa moto wa Linux) hapo, kwa sababu poti ambazo Docker imezifungua hazipiti kwenye kanuni zake.

Muulizaji

Asanteni. Nginx inajibu, lakini kivinjari changu bado kinaruka kwenda :8080.

Jibu la 1

Ni ile 301 ya mwanzo, kivinjari kimeihifadhi. Pima kwa `curl -I http://duka.example`, maana curl haina kumbukumbu hiyo. Ukiona 200, seva iko sawa: futa kashe ya kivinjari. Ukiona Location yenye :8080, kuna kanuni ya zamani imebaki, au programu yenyewe imeandikiwa anwani kamili kwenye mipangilio yake.