Fedha za benki za maendeleo humfikiaje kijana wa karakana?

Mwalimu wa Ilemela
Ndugu zangu, ninafundisha sekondari hapa Mwanza. Kijana mmoja aliyepita mikononi mwangu sasa anachomelea mageti kwa fundi wa mtaani, na wiki iliyopita alinionyesha geti alilolimaliza mwenyewe, maungio yamesuguliwa hadi ukipitisha kidole hakikwami popote. Ujuzi anao, lakini hana cheti wala mashine yake. Tunasikia mara kwa mara kwamba Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika imetoa mamilioni ya dola kwa ajili ya vijana. Je, fedha hizo humfikia kijana kama huyu kwa njia gani?

Mhasibu, Dodoma
Shikamoo Mwalimu. Benki hizo kwa kawaida hazimkopeshi kijana mmoja mmoja. Huikopesha serikali, nayo hupitisha fedha kwenye wizara na vyuo. Mfano mnao hapohapo Mwanza: mradi wa mafunzo ya ufundi uitwao EASTRIP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2018 kwa ajili ya Ethiopia, Kenya na Tanzania, umegharimia kituo cha teknolojia ya ngozi katika kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam iliyopo kwenu. Upande wa mtaji, naamini zaidi katika dhamana. Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania hudhamini sehemu ya mkopo unaotolewa na benki ya biashara, ili mkulima asiye na hati ya nyumba asirudishwe mikono mitupu. Mchomeleaji naye anastahili mpango wa namna hiyo. Kwa sasa ajiunge na kikundi na kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba, ambapo vijana hutengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani. Kuhusu cheti, aulizie VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa.

Mshonaji, Nakuru
Huku Kenya tulikuwa na KYEOP, mradi wa ajira na fursa kwa vijana uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 150 kuanzia mwaka 2016, ukiwalenga vijana wa miaka 18 hadi 29 ambao masomo yao hayakuvuka kidato cha nne. Uzuri wake ni kwamba mafunzo mengine yalifanyika kwa mafundi stadi wa jua kali. Mimi hufundisha wanagenzi, na wiki ya kwanza siwapi cherehani, nawapa mkasi na magazeti wajifunze kukata. Saa hizo sishoni nguo ya mteja hata moja, kwa hiyo mradi wowote unaotaka vijana wafundishwe vizuri umlipe fundi muda wake.

Katibu wa kikundi, Kigoma
Naongeza suala la ushiriki. Kwa kanuni za Benki ya Dunia zilizoanza kutumika Oktoba 2018, mradi wa uwekezaji hutakiwa kuwa na mpango wa kushirikisha wadau na utaratibu wa kupokea malalamiko. Mradi mmoja huku ulikuwa ukiita vikao saa nne asubuhi siku za kazi. Tuliomba vihamishiwe Jumapili jioni, wakaja vijana wa gereji na saluni, na jambo la kwanza walilosema ni kwamba semina zimetosha, wanahitaji vifaa.

Mwalimu wa Ilemela
Marahaba, na asanteni nyote. Jumamosi nitamwita aje na picha za mageti yake, tuanze na barua ya VETA.