Malazi ya wiki sita Berlin kwa mstaafu: nipange chumba wapi, na kwa njia gani?

Mwalimu wa Nyakato ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nilifundisha historia katika sekondari hapa Mwanza hadi nilipostaafu, na sasa ninapanga safari ndefu ya Ulaya nikianzia Ujerumani. Sitaki kupita miji kumi kwa haraka kama wafanyavyo watalii wa makundi. Nataka nikae Berlin kwa wiki sita hivi, kuanzia mwishoni mwa Julai, nitembee polepole na kujionea mahali panapohusiana na historia yetu, kisha niendelee mbele ndani ya siku 90 za viza. Kinachonikwaza ni malazi. Hoteli za katikati ya jiji kwa muda wote huo zitaimaliza pensheni yangu, na hosteli yenye vitanda vinane katika chumba kimoja haifai kwa umri wangu. Je, kuna njia ya kupanga chumba kwa muda mfupi, na mtaa upi unafaa?

Mjukuu wa Ukerewe amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Wakati uliouchagua ni mzuri kuliko unavyodhani. Vyuo vikuu vya kule humaliza vipindi katikati ya Julai na kuvianza tena katikati ya Oktoba, na wanafunzi wengi wanaoishi kwa kuchangia nyumba huondoka mjini, wakavipangisha vyumba vyao vikiwa na kitanda, meza na vyombo vya jiko ili kodi isiwalemee. Matangazo mengi huwekwa kwenye tovuti ya WG-Gesucht. Ujumbe wako wa kwanza uwe wa kujitambulisha vizuri, useme wewe ni nani, una umri gani na utakuja kufanya nini, kwa sababu wanaoishi kwenye nyumba ya kuchangia humchagua mtu kabla ya kuangalia fedha zake.

Huku kwetu mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo; kule hulipwa mwezi kwa mwezi, pamoja na dhamana ambayo kwa sheria haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu na ambayo hurudishwa ukiondoka. Uliza kama bei iliyotangazwa imejumuisha maji, umeme na kupasha nyumba joto. Uliza pia kama mwenye nyumba amemruhusu mpangaji kupangisha tena, kwani bila ruhusa hiyo unaweza kujikuta nje na mizigo yako. Ubalozi utataka uthibitisho wa malazi, kwa hiyo upate mkataba wa maandishi mapema, uoneshwe chumba kwa simu ya video, na dhamana uitoe siku ya kukabidhiwa funguo. Atakayekuambia kwamba yupo nchi nyingine na funguo zitakuja kwa posta ukishamtumia fedha, usimjibu tena.

Msafiri wa Kirumba amejibu:

Kuhusu mtaa, mimi ningeanza na reli ndipo nitazame ramani ya hoteli. Tafuta chumba Wedding, kaskazini ya katikati ya jiji, karibu na njia ya treni ya chini ya ardhi iitwayo U6. Kwenye njia hiyo kuna kituo kinachoitwa Afrikanische Straße, na mitaa inayokizunguka ilipewa majina ya makoloni: utakuta Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße. Barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939 iligawanywa na kubadilishwa mwaka 2024, na sehemu yake moja sasa ni Maji-Maji-Allee. Kwa mwalimu wa historia, hapo pekee pana kazi ya siku nzima.

Ukielekea mjini kwa treni hiyo hiyo, shuka kituo cha Naturkundemuseum, penye jumba la makumbusho ambamo yumo yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, ambaye mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913. Jumatatu jumba hilo hufungwa. Ukiendelea hadi Stadtmitte unaweza kutembea kwa miguu hadi Wilhelmstraße, palipo na kibao cha kumbukumbu ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ule wa kugawana Afrika. Na sisi watu wa ziwani tuna jambo letu huko Wedding: taasisi ya Robert Koch, yule daktari wa Kijerumani, ipo huko, na mwenyewe amezikwa ndani yake. Ndiye aliyekuja Ziwa Victoria mwaka 1906 kuchunguza malale, akawatibu watu wa visiwa vya Ssese kwa dawa ya atoksili, ambayo baadhi yao iliwapofusha macho. Nenda ukiwa na habari hiyo kichwani.

Kutoka uwanja wa ndege nunua tiketi ya kanda A, B na C. Ya A na B haifiki huko. Chakula cha Jumapili kinunuliwe Jumamosi, kwa kuwa maduka mengi hufungwa.

Mama wa Igoma amejibu:

Mwalimu, mimi sikubaliani sana na hao wenzangu. Wiki sita zote Berlin za nini, wakati Mwanza ina mji ndugu Ujerumani tangu mwaka 1966, yaani Würzburg? Mji ni mdogo, unauzunguka kwa miguu, na Röntgen aligundua eksirei hapo mwaka 1895. Panda ngazi za kasri la Residenz utazame dari iliyochorwa na Tiepolo, uone Afrika ilivyofikiriwa na watu wa karne ya 18. Sijui utacheka au utakasirika. Gawanya muda wako, wiki nne kwa mbili.

Mwalimu wa Nyakato ameandika tena:

Marahaba, na ninawashukuru nyote. Nimeukubali mgawanyo wa Mama wa Igoma, na Wedding nimeiweka mbele. Limebaki moja: nimesikia kwamba anayehamia kwenye nyumba kule hutakiwa kujiandikisha ofisi ya serikali ndani ya wiki mbili. Je, hata mimi?

Mjukuu wa Ukerewe amejibu:

Hapana, Mwalimu. Mgeni ambaye makazi yake ya kawaida yapo nje ya Ujerumani halazimiki kujiandikisha ikiwa hatakaa zaidi ya miezi mitatu. Kinachokuhusu ni hesabu ya siku 90 katika kila siku 180, na hiyo inajumlisha nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, utakazopita baada ya Ujerumani.