MJADALA: Binti kaimba, prodyuza kapiga biti na kuongeza maneno, je nyimbo ni za nani?

Nyakato

Wadau wa Mwanza na kanda ya ziwa habari za jioni. Naleta hili kwenu kwa sababu limenikaa kooni wiki nzima na nyumbani tumeshabishana mpaka watu wamenuniana.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 17, anaimba. Kwaya ya kanisani ndio imemlea, gitaa kajifundisha mwenyewe kwa kuangalia video kwenye simu, na kinachompendeza sio bongofleva, anapenda pop yenye gitaa la umeme na dramu nzito, roki fulani hivi. Ana daftari la kaunta limejaa nyimbo na ndoto yake ni albamu. Basi tumejichanga, kapelekwa studio moja (jina lake silitaji), karekodi nyimbo tatu za kuanzia. Maneno yake, melodi yake, prodyuza kapiga biti na kwenye wimbo mmoja kambadilishia kiitikio. Nyimbo zimetoka, kusoma maelezo tunakuta zote tatu "mtunzi" ni prodyuza, binti kaandikwa mwimbaji tu. Mtoto kalia usiku kucha. Baba yake anasema ndio kawaida hiyo, bila fundi angekuwa anaimbia masufuria jikoni.

Sasa huyu binti anampenda sana Avril Lavigne, yule mwimbaji wa Kanada, nikasema ngoja nifuatilie yeye ilikuwaje maana nae alianza mdogo. Jamani kumbe ugomvi ni uleule! Albamu yake ya kwanza, Let Go, ilitoka Juni 2002 akiwa na miaka 17, nyimbo 13, na zote ana jina lake kama mmoja wa watunzi. Katoka mji mdogo tu, Napanee huko Ontario, nae alianzia kuimba kanisani, akashinda shindano la redio mwaka 1999 akapanda jukwaa moja na Shania Twain, baadae lebo ya Arista, yaani kampuni ya kurekodi muziki, ikamsaini. Kwanza walimpeleka New York wakawa wanampa nyimbo za watu, hazikumkaa, wakamhamishia Los Angeles kwa maprodyuza wengine. Huko ndio akakutana na watatu wanaojiita The Matrix: Lauren Christy, Graham Edwards na Scott Spock. Wimbo uliomtoa, Complicated, umeandikwa majina manne, la kwake na ya hao watatu.

Mwaka 2003 yakaja maneno. Wale The Matrix wakaliambia jarida la Rolling Stone kwamba nyimbo kubwa zile kazi kubwa waliifanya wao, binti alikuwa anabadilisha neno hapa na pale. Yeye akakataa, akasema yeye ni mtunzi na hakubali kunyang'anywa hilo.

Mimi msimamo wangu nausema wazi, nyimbo ni za binti. Sisemi peke yake, ila ni zake kwanza. Ukimtoa Avril kwenye Let Go unabaki na nini? Ile hasira ya mtoto wa miaka 17 ambaye hataki kuvalishwa asivyotaka, mtu mzima hawezi kuitunga akaipatia. Lakini nimekuja kusikiliza, nipingeni.

Kirumba

Dada shikamoo, mimi ni prodyuza, studio yangu iko jirani na uwanja hapa, nakupinga kwa heshima. Watu hawajui wimbo unavyojengwa. Binti anakuja na daftari sawa, anaimba beti la kwanza kwenye ufunguo huu la pili keshahamia kwingine, mistari mirefu haiingii kwenye mapigo, kiitikio hakuna, ni beti tatu zinafuatana kama barua. Hapo nakaa nae kutwa nzima, namwambia huu mstari wa nne ndio kiitikio chako uvute hapa rudia mara mbili, natafuta kodi za gitaa, umeme unakatika naanza upya, anarudi nyumbani mimi nabaki mpaka usiku wa manane namiksi. Wimbo ukitoka ukipendwa wanasema ana kipaji, usipopendwa wanasema prodyuza mbovu. Na hela aliyolipa ni ya lisaa limoja.

Halafu hao The Matrix mnawaonea. Kama kweli melodi ya kiitikio waliitoa wao basi wimbo ni wao kwa sehemu kubwa, kiitikio ndio kinachouza. Tusimpe mtu sifa kwa sababu ni mdogo na analia.

Ila huyo mwenzetu aliyejiandika mtunzi peke yake kwenye zote tatu kakosea, hilo simtetei.

Igoma

Roki sio yetu, mwambie aimbe singeli atoke mapema.

Nyakato

Kaka wa Igoma gitaa la umeme limepigwa nchi hii kabla mimi na wewe hatujazaliwa, wazee wetu walilichezea dansi. Na tukirudi nyuma zaidi kandokando ya ziwa hili la Victoria kuna enanga ya Wahaya, kuna litungu la Wakurya, nyuzi tulikuwa nazo. Mwacheni mtoto aimbe kinachomtoka moyoni. Tusitoke kwenye mada tafadhali.

Bukoba

Umesema enanga umenigusa. Mnamkumbuka Saida Karoli? Alikuja na wimbo wa Maria Salome mwanzoni mwa miaka ya 2000, kaimba Kihaya, nchi nzima inaimba nae na wengi hata neno hawalielewi! Hapo nani angesema wimbo ni wa mtambo? Watu walipenda ile sauti na ile lugha iliyokaa ndani yake. Prodyuza alimpa njia ya kusikika, sawa, lakini mtumbwi sio samaki.

Kirumba

Bila mtumbwi samaki anabaki ziwani kaka.

Kisesa

Mimi naona mnabishania neno moja lenye maana mbili. Huku kwetu Usukumani kabla ya studio yoyote, vile vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, wakishindana pale Bujora wakati wa sikukuu ya Bulabo, manju, yaani kiongozi wa ngoma, ndio anatunga. Wapo wapiga ngoma, wapo wachezaji, wapo wa dawa, wote wanahitajika na bila wao manju anaaibika mbele ya watu. Lakini ukiuliza wimbo wa nani unaambiwa wa manju fulani, hakuna anayesema wa mpiga ngoma. Na mpiga ngoma haoni kadharauliwa maana kila mtu anamjua kwa mikono yake. Shida ya sasa prodyuza anataka mikono yake iitwe mdomo.

Pasiansi

Mimi ni mama wa kwaya, nimelea mabinti wengi wa sauti hapa, naomba niseme jambo ambalo hamjaligusa. Mnaongelea maneno na melodi. Mimi naogopa zaidi wanapomtengeneza mtoto mwenyewe. Huyo Avril enzi hizo alivaa tai juu ya fulana na suruali pana za kuteleza na ubao wa magurudumu, na walikuwepo waliosema hata huo ukaidi wake umetengenezwa na lebo. Sasa fikiria wewe ni mtoto wa miaka 17, wanakwambia nyimbo sio zako, nguo sio zako, tabia sio yako. Unabaki na nini? Nina binti alitoka kwenye kwaya yangu kwenda kurekodi, wakamwambia sauti yako ya kanisani haiuzi, imba kwa pua. Aliporudi hakuweza tena kuimba soprano yake kwa raha, mpaka leo anajisikiliza kila akifungua mdomo. Hilo hakuna sheria inayolilipa.

Nyakato mama, msikilize binti kwanza kabla ya karatasi. Analia kwa sababu ya jina au kuna lingine?

Musoma

Nawapa mfano mmoja kutoka hukohuko kwa Avril. Tuzo za Grammy, zile kubwa za muziki huko Marekani, za mwaka 2003 aliteuliwa mara tano na hakupata hata moja. Tuzo ya wimbo bora wa mwaka, ambayo Complicated iliwania, ilienda kwa Don't Know Why. Huo kauimba Norah Jones, nae alikuwa na albamu yake ya kwanza. Lakini ile tuzo yenyewe aliyepewa ni Jesse Harris kwa sababu yeye ndio katunga! Ile tuzo ni ya mtunzi. Norah kachukua nyingine kibao usiku uleule kwa sauti yake na albamu yake, wala hakuna aliyesema yeye sio msanii kisa wimbo katungiwa.

Kwa hiyo wenzetu wametenganisha. Kutunga ni kazi na ina malipo yake, kuimba ni kazi na ina malipo yake. Mbaya ni kumchukulia mtu aliyetunga ukamwandika mwimbaji tu, kama huyo binti, au kumwandika mtunzi mtu ambaye hakutunga. Vyote uongo.

Nyakato

Musoma ahsante sana, hili sikulijua na limenisogeza kidogo. Maana nilikuwa nang'ang'ana kwamba kutungiwa ni aibu, kumbe sio aibu, aibu ni kudanganya nani katunga.

Ila bado simwachii Kirumba. Kaka angalia alichofanya Avril baada ya ule ugomvi. Albamu ya pili, Under My Skin, mwaka 2004, hakuwaita The Matrix. Kakaa na mwanamke mwenzie, Chantal Kreviazuk, Mkanada pia, wametunga pamoja, nyimbo nyingi zimekuwa nzito zaidi na za huzuni, na ikaingia namba moja Marekani. Kama alikuwa kasuku tu wa kubadilisha neno hapa na pale hiyo ya pili ilitoka wapi?

Kirumba

Ilitoka kwa Kreviazuk dada yangu, umetaja mwenyewe! Kabadilisha mtu wa kukaa nae tu. Lakini nakubali kitu kimoja, wale watatu wangekuwa ndio kila kitu basi bila wao angezama. Hakuzama. Hapo umenipata.

Na mimi niseme linaloniuma. Wasanii wakishatoka hawarudi. Nimetengeneza nyimbo zimepigwa mpaka kwenye vivuko, mtoto kaenda Dar kasaini, jina langu wamelifuta. Ndio maana wenzangu wengine wanawahi kujiandika kila mahali, wanaogopa. Nikiwekwa kwenye maandishi kama niliyetunga kiitikio, kweli kama nilikitunga, sina haja ya kumwibia mtoto.

Sengerema

Wabeja bana Mwanza. Mimi mzee, nilipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi zamani, sasa nalima. Enzi zetu wimbo anatunga mtu mmoja, redioni linatajwa jina la bendi, mtunzi akihama bendi wimbo unabaki. Nina nyimbo mbili huko hewani, wajukuu wangu hawaamini kwamba ni zangu na sina pa kuwaonyesha. Kwa hiyo huyo binti namwelewa kuliko ninyi wote.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hakimiliki ni ya aliyetunga, analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, yaani mpaka wajukuu wanakula. Hakishiriki ni ya mwimbaji, ya aliyegharamia rekodi, na ya watangazaji. Umeona Kirumba, na wewe umo humo, ila una mlango wako, usipite mlango wa mwenzio. Mkitunga wawili basi ni watunzi wawili, mnaandikwa wote. COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ndio wanapokea usajili.

La pili, binti ana miaka 17. Mtu wa chini ya miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba mwenyewe kisheria. Kama alisainishwa karatasi huko studio bila mzazi, ikachunguzwe.

Mwanangu alipoanza kurekodi nilimtengenezea karatasi ya ukurasa mmoja, ina jina la wimbo, nani kaandika maneno, nani katoa melodi, nani kapiga vyombo, nani kalipia rekodi, kila mmoja na sehemu yake kwa mia, tarehe, sahihi. Inajazwa siku hiyohiyo kabla ya mtu kutoka studio wakati bado mnapendana. Mkingoja wimbo ubambe kila mtu anakumbuka kivyake.

Ilemela

Na hata hivyo yanaweza kubadilika baadae mzee. Olivia Rodrigo, mwimbaji wa Marekani, mwaka 2021 kwenye albamu yake ya kwanza nae, Sour, wimbo wa good 4 u ulishatoka umeshavuma, miezi michache baadae wakaongezwa kama watunzi Hayley Williams wa bendi ya Paramore na Josh Farro aliyewahi kuwa nae humo, maana watu walisema unafanana na wimbo wao. Kwa hiyo huyo wa Nyakato asikate tamaa, majina yanarekebishika.

Nyakato

Shikamoo mzee wa Sengerema. Hiyo karatasi kama bado unayo naomba uipige picha uilete hapa, tuko wengi tunaihitaji.

Mama wa Pasiansi, jana nilimuuliza kama ulivyosema. Kumbe kilichomliza zaidi ni ule wimbo wa pili, aliuandika baada ya bibi yake kufariki, ndio ule uliobadilishwa kiitikio. Anasema kiitikio kipya ni kizuri, kizuri kuliko chake, na hapo ndipo panamuuma maana hajui tena kama ni wimbo wa bibi. Sikuwa na la kumjibu mama, nilikaa nae tu.

Jumamosi tunarudi studio, mimi, yeye na baba yake, na baba yake kakubali kwa shida. Kwenye huo wa pili tutaomba waandikwe wawili. Hizo mbili nyingine ni zake, sitoki pale bila jina lake, na daftari naenda nalo.

Kirumba kaka, ikishindikana huko, lisaa lako ni shilingi ngapi?