Mume wangu na beleshi la theluji, namzuiaje?

Mama Pacha: Wakuu, habari zenu. Mume wangu ana miaka 57, presha anayo, dawa anameza siku akikumbuka. Leo alfajiri nasikia kwaruu, kwaruu nje. Kuchungulia dirishani, mtu yuko na beleshi, hana hata kofia, anapambana na theluji ya kufika magotini. Karudi ndani uso kama majivu, kakaa kwenye ngazi dakika kumi nzima akipapasa bega la kushoto. Namuuliza, ananijibu "misuli tu". Kweli theluji inaua watu kwa moyo, au ni woga wangu?

Kijiko: Mazoezi hayo, dada. Mwache mzee atoe jasho.

Nesi wa Zamu: Kijiko, hapo umepotoka. Beleshi ni kazi ya mikono, na mikono ikibeba mzigo presha na mapigo hupanda kuliko kazi ileile ikifanywa na miguu. Akinyanyua anabana pumzi bila kujua, presha inaruka tena. Baridi nayo inasinyaza mishipa, hata ile ya moyo. Basi moyo unadai oksijeni zaidi huku njia ya kuileta imekuwa nyembamba. Tena asubuhi, saa ambazo mshtuko wa moyo hupenda kuja hata pasipo theluji.

Mama Pacha, uso wa majivu na bega la kushoto si vya kusubiri uzi huu. Piga namba ya dharura sasa hivi, hata kama anasema amepona. Usimwendeshe mwenyewe kwenye barabara ya theluji.

Msomi Pori: Quebec, Canada, walipitia kumbukumbu za 1981 hadi 2014. Baada ya theluji ya sentimita 20, uwezekano wa wanaume kufa kwa mshtuko wa moyo siku iliyofuata ulikuwa juu kwa asilimia 34. Kwa wanawake hawakuona hivyo. Ila hakuna aliyehesabu nani alishika beleshi, hilo walilikisia tu.

Kijiko: Duh. Nafuta kauli.

Mzee Kigoda: Mimi ndiye nilikuwa huyo mume. Na mimi nilisema "misuli", nikaja kuzinduka nimewekewa kichuma cha kutanua mshipa. Usimwambie "utakufa", wanaume tukisikia hivyo ndiyo tunakaza. Mke wangu alimlipa kijana wa jirani kimyakimya, nikaamka nikakuta njia imeshasafishwa, haina theluji. Nilinuna siku mbili. Wenye moyo mzima: sukumeni, msinyanyue, na tokeni kila theluji ikiwa bado kidogo, msingoje irundikane.

Mama Pacha: Nimepiga, wamekuja. Tuko hospitali, wamembandika nyaya kifuani. Ananinong'oneza eti mlangoni hajamaliza.